Goti Lililonyooka

Mimi nilicheza balei, ile ya kusimama kwa ncha za vidole, katika shule ya bweni huko Embu. Mdogo wangu alibaki nyumbani karibu na Nkubu, akafundishwa ngoma ya Ireland na sista mmoja mzee aliyetoka huko. Likizo ikifika tulivua soksi tukashindana kwa majeraha. Mimi nilikuwa na kucha nyeusi na nyonga zinazowaka, maana balei hukulazimisha kugeuza miguu nje kama bata. Yeye vidole vyake vilikuwa safi kabisa. Nikamcheka. "Wewe unarukaruka tu, utaumia wapi?"

Akanionyesha muundi, ule mfupa wa mbele ya mguu. Palikuwa na mahali padogo, pa kufunikwa na kidole kimoja, palipouma hata akiwa amelala.

Hapo ndipo nilipojifanya daktari, haki ya Mungu. Sisi wa balei tulifundishwa kutua kwa ncha, kisha kisigino, kisha goti linakunjika na misuli inabeba uzito. Maumivu yangu yote yalikuwa ya misuli, na misuli hukandwa. Basi nikamkanda kwa mafuta ya mbarika yaliyopashwa moto, nikibonyeza kwa dole gumba hadi akang'ata shuka. Sikujua kwamba wao hutua goti likiwa limenyooka, kwenye simiti ya ukumbi wa parokia, tena na tena, na mfupa ndio unaopokea kila kitu. Aliponiuliza kama amwambie Sista, nilimkemea. "Aka! Utaondolewa, na tamasha ni wiki ijayo. Vumilia. Mchezaji haonyeshi uchungu usoni."

Mama aliuliza kwa nini mtoto anachechemea. Nikamjibu mimi: viatu vipya.

Siku ya tamasha, Meru mjini, nilikaa mstari wa mbele. Ngoma yao huchezwa mikono ikiwa imebana mbavuni na uso umetulia. Miguu peke yake ndiyo inayofanya kazi. Karibu na mwisho nilisikia kitu kikilia ta! nikadhani ni kiatu. Hakutikisika. Alimaliza hatua zilizobaki, macho mbele, akainama kwa adabu. Akina mama walipiga vigelegele, nami nikasimama nikapiga makofi kuliko wote. Kisha akaanguka.

Mfupa uliunga vibaya. Siku hizi anauza ndizi katika soko la Gakoromone akiwa ameketi juu ya kreti, na kila Jumamosi mimi humbebea mikungu. Wanasema mficha maradhi kilio humuumbua. Uongo mtupu! Mdogo wangu hakulia hata kidogo, na aliyeficha ni mimi.

Majuzi nilijikaza nikamwomba msamaha. Aliendelea kupanga ndizi zake.

"Nilisikia makofi yako," akasema. "Nikajua nimefanya vile uliniambia."