Kobe Naye Hupanda Kuvuta Pumzi

Nakumbuka siku moja ya kipupwe kule Gare, mwanangu, kabichi zetu zinakauka na maji tunayaona kwa macho tu. Zamu yetu ya bwawa la kumwagilia ilikuwa inaisha adhuhuri. Baada ya hapo maji ni ya jirani, na zamu haikopeshwi. Kamba ya kuvutia kizibo cha bwawa ilikuwa imekatika, ikabidi mtu azame akafunge nyingine. Nyumbani kwetu aliyejua kuogelea nilikuwa mimi peke yangu, msichana mwenye maringo yake.

Nikajitosa kwa kishindo. Nikapiga mateke, nikakipapasa kizibo, nikaibuka natweta kabla sijafunga hata fundo. Nikarudi, yakawa yale yale. Pembeni kobe wa maji alikuwa ametulia zake chini. Nilimwonea wivu, sikufichi.

"Bibi, yule ana matamvua kama samaki," nikalalamika.

Bibi yangu, aliyeshika ncha ya kamba ukingoni, akacheka. "Ayatoe wapi? Ana mapafu kama wewe. Hewa anaifuata juu, anatoa pua tu. Akirudi chini anatulia, na maji yakiwa baridi mwili wake hautaki hewa nyingi. Kidogo anaipata humo humo majini, kwa koo na ngozi. Ngozi hiyo huna, mjukuu wangu, lakini kutulia unaweza. Unapigana na nani humo?"

Maneno yake yaliniuma, maana yalikuwa kweli. Nikasubiri moyo utulie, nikavuta pumzi, nikashuka polepole. Fundo la kwanza likashika. Hewa ikaniishia kabla ya la pili, nikapanda, nikashuka tena kulimaliza. Nikatoka majini, tukavuta kamba pamoja, kizibo kikang'oka, maji yakanguruma mferejini. Bibi, mtu mzima vile, akapiga vigelegele! Kabichi zile tulizila na nyingine tukauza.

Sasa ninyi wa siku hizi mna papara, hata chai mnainywa mmesimama. Haraka haraka haina baraka. Kazi ikikubana, mwanangu, usiongeze fujo. Tuliza mikono, funga fundo moja kwanza. Na pumzi ikikuishia, sema, omba msaada, pumzika. Hakuna aibu. Kobe ni mwenyeji wa maji, naye hupanda.

Mungu akupe kifua kipana na moyo mtulivu, na kila utakapozama, akuibue salama.