Somo la maji safi

Wewe ungempa mwanao maji ya ziwa anywe? Usihangaike kujibu. Kuna papa mmoja, baba mtu mzima, amekwisha kujibu kwa niaba yetu sote.

Tulikuwa kwenye benchi la kituo cha afya, hapa Uvira. Mama kijana alikuwa amempakata mtoto aliyeharisha tangu alfajiri, macho yamezama, dripu ya serumu ikiingia taratibu mkononi mwa mtoto. Papa huyo, shati limepigwa pasi vizuri, akainua kidole na kuanza darasa.

“Mama, weye unapatia mutoto maji ya ziwa? Bamama ba mutaa wa Nyamianda, hamusikiaka!”

Benchi zima tukatikisa vichwa. Kumuuliza kwanza ilikuwaje kungetupotezea muda, na sisi ni watu tuliosoma.

“Papa, tulikuwa tunachota ku robine, bomba ya avenue yetu,” mama akajibu bila kuinua macho. “Wiki tatu sasa iko kavu. Muntu alikata tuyau yenye inaletaka maji, akayapeleka kwake.”

“Avenue gani?”

“Ile ya nyuma ya soko, pale banajenga etaje, nyumba ya gorofa.”

Kidole kikashuka. Papa akatoa kitambaa, akafuta kipaji cha uso ambacho hakikuwa na jasho. Muuguzi akaja, akafinya ngozi ya tumbo la mtoto, ikachelewa kurudi. Akaona maji yamemwishia mwilini, akaagiza serumu ya pili.

Ndipo papa akasema, kwa sauti isiyofaa tena kufundishia:

“Ni minye nilikata ile tuyau. Nilitaka maji ya kujengea.”