Mwendo wa Jiwe la Kusagia

Mwezi uliopita nilitoka Migori kwa baiskeli kwenda kutazama boma letu la zamani Rangwe. Chini ya kilima nikamkuta jirani yetu wa utotoni, amezeeka lakini miguu bado mizima, akiwa na mfuko wa sukari mkononi. Alinitambua kwa unene. "Nibebe mpaka juu, mtoto wa jirani," akasema. Nikaonja utamu wa ombi hilo.

Enzi zile yeye ndiye alibeba abiria kwa baiskeli. Siku ya soko aliwapandisha watoto bure, mmoja mmoja, isipokuwa mimi. "Wewe kilimani utatembea," alisema. "Spoki zangu hazibebi kiboko." Wenzangu walicheka kutoka kiti cha nyuma. Mimi nilipanda kwa miguu, beseni la omena, dagaa wa ziwani, kichwani, maji yake yakinichuruzika shingoni.

Niliapa kumpita kwa baiskeli pale pale kilimani. Kila jioni nilichukua baiskeli ya mjomba, nikasimama juu ya pedali na kuzikanyaga kama mtu anayeua nyoka. Kila jioni magoti yalikataa katikati ya kilima.

Nyanya yangu, mnene kuliko mimi, alikuwa uani akisaga wimbi. Jiwe lake lilikwenda krr, krr, krr, halikimbii, halisiti, harufu ya unga ikijaa ua mzima. "Nyathina, mtoto wangu," akasema, "hasira iweke moyoni, usiiweke miguuni. Nikilisukuma jiwe hili kwa uzito wangu wote, kesho sitainuka."

Basi nikaketi kwenye kiti cha baiskeli. Nikakanyaga kwa wepesi, mizunguko mifupi inayolingana, nikilisikia jiwe kichwani. Siku ya soko nikampita jirani, gunia la wimbi nyuma yangu, yeye ameshuka anasukuma. Nilipiga kengele zaidi ya ilivyohitajika. Nyanya aliposikia alicheka hadi akaacha kusaga.

Sasa nikamtazama mzee huyo. "Panda, jaduong'," nikamwambia. Akapanda. Tulipofika mahali kilima kinapoanza kuwa kikali, nikafunga breki. "Hapa utatembea."

Nilipanda peke yangu, krr, krr, nikitabasamu mpaka langoni. Uani kumeota nyasi. Jiwe la nyanya limelazwa mlangoni, watu wanapangusia matope ya viatu. Nikasimama hapo na kisa changu kitamu mdomoni, na aliyepaswa kukicheka hayupo.