Nilivyowakubalia Wote Wawili

Miaka ya sabini, kikundi chetu cha maigizo pale Mpanda kilikuwa na wakubwa wawili. Meneja alipanga mazoezi na kugawa nafasi. Wakala, karani wa stesheni, alitutafutia mialiko. Mimi niliigiza mlevi, ingawa nyumbani nilikunywa uji tu na safari za mbali zilinitia hofu.

Wiki moja meneja aliniambia, "Jumamosi tunacheza Ilembo." Nikasema ndiyo. Kesho yake wakala akaniambia kwamba Jumamosi hiyohiyo tunangojwa Kapalamsenga, kule ziwani. Kwa woga nikasema ndiyo tena. Na meneja alikwisha kuapa kuwa atakayekubali mwaliko bila yeye kujua atatoka kikundini.

Siku tatu nikawa nikimwona wakala, nabadili njia. Mke wangu akanicheka: "Baba watoto, jukwaani unamtukana mpaka mwenyekiti, mtaani unamkimbia karani?"

Siku ya nne nikamshika wakala mkono, nikampeleka kwa meneja. "Kaka zangu, zungumzeni nyie wenyewe," nikasema. "Mimi nimewakubalia wote." Nikarudi nyuma hadi mlangoni.

Meneja akaniuliza, "Kumbe mwoga hivi? Haya, nikikufukuza nani atalewa?" Akamgeukia wakala, wakapatana upesi: Ilembo Jumamosi, ziwani Jumapili kwa lori la alfajiri, na mialiko yote ianzie kwa meneja.

Nikarudi nyumbani nikiwa bado mwigizaji, nikaanza kuliogopa lile lori.