Adhana ya Saa Nne

Nyumbani kwetu Deira, hapa Dubai, hakuna anayembishia bibi, na mimi ndiye wa mwisho kabisa. Mimi hata mwalimu akiniuliza swali darasani, jibu ninalo, lakini sauti inakwama kooni mpaka anahamia kwa mwingine. Kwa hiyo bibi alipotangaza ndani ya gari kwamba tutakaa kwenye mawe mpaka adhuhuri iadhiniwe, si kabla, nilitikisa kichwa tu, nikaendelea kukumbatia ndoo.

Bibi alikuja kutoka Unguja kukaa nasi miezi ya baridi. Tulimpa chumba ghorofa ya tisa, dirisha halifunguki, na samaki tuliyemletea alikuwa amelala kwenye barafu siku sijui ngapi. Haukupita muda akaanza kuuliza habari za chaza. "Nchi nzima imekaa ubavuni mwa bahari, na hamjui chaza wako wapi?" Nilimsimulia rafiki yangu wa shuleni kama kichekesho. Yeye hakucheka. Akasema kaka yake ana gari na Jumapili hana zamu, na upande wa Jebel Ali kuna ufukwe mmoja usio na hoteli wala watu, wenye mawe yaliyojaa magamba yanayokata miguu.

"Hao hao," bibi alisema nilipomwambia. "Wanaokata ndio chaza."

Rafiki yangu ni Mkenya. Kwao ni Nyeri, na hapa wanakaa Jumeirah Village Circle na mama yao anayefanya kazi hotelini. Kaka yake ni mlinzi wa maghala kule Al Quoz. Alitufuata moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, suruali ya kazi bado mwilini, macho mekundu.

"Shosho, shikamoo," alimsalimia bibi kwa Kiswahili cha kujitahidi.

"Marahaba. Shosho ndiyo nini?"

"Ni nyanya. Yaani bibi."

"Basi niite bibi. Hilo la shosho lanifanya nijione mzee."

Njiani bibi alitueleza hesabu yake. Mwezi ulikuwa kumi na tano, na mwezi kumi na tano ni bamvua, maji yanapwa mpaka bahari inaonyesha mifupa. Kwao Unguja wanawake wanateremka pwani asubuhi jua likishapanda, wanachokoa chaza, na ikiadhiniwa adhuhuri wanapanda juu kwa sababu maji nayo yanapanda. Mama yake alifanya hivyo, na mama wa mama yake. Hakuna aliyewahi kutazama saa.

Mimi niliona ni hesabu nzuri. Nilidhani bahari ni moja.

Tulipofika, kweli maji yalikuwa yamekwenda mbali. Mawe yenyewe ni mabaki ya ukuta wa zamani wa kuzuia mawimbi, yamejipanga mstari baharini, na kati yake na ufukwe kuna bonde la mchanga. Tulivuka bonde hilo maji yakitufika kwenye vifundo vya miguu. Kaka mtu alikataa kuja. Alisema yeye na bahari hawajajuana, akainamisha kiti cha gari, akajifunika jaketi usoni akalala.

Kulikuwa na baridi. Upepo wa shamali ulikuwa unavuma, mbingu zimejaa mawingu na vumbi, jua hulioni lilipo. Bibi alikuwa amevaa kanga mbili juu ya baibui na raba zangu za zamani za shule. Alipowaona chaza wa kwanza, alipiga magoti juu ya jiwe kama msichana.

"Njooni mutizame. Hapa ndipo mdomo wake." Alichomeka bisibisi ya baba kwenye ufa mdogo nisiouona hata mimi, akaigonga kwa jiwe, gamba la juu likaruka. "Nyama mnatia ndooni, gamba la chini liacheni jiweni. Mwakani atakaa mwengine."

Rafiki yangu aliinama. "Aki bibi, hii si ni kamasi?"

"Kamasi! Ngoja nimtie nazi na ndimu, utalamba mpaka sahani."

"Sisi kwetu tunakula vitu viko na miguu."

"Na kuku wenu ana miguu mingapi, na huyu ana ladha ngapi?" Bibi alicheka mwenyewe kwa jibu lake, ambalo hakuna aliyelielewa, na sisi tukacheka kwa sababu yeye amecheka. Tangu afike Dubai sikuwa nimemsikia akicheka hivyo.

Ndiyo maana nilipoona kitu cha kwanza, sikusema.

Kandambili zangu nilizivua mwanzo kabisa, nikazipanga juu ya jiwe la chini, kavu, nikavaa raba. Nilipogeuka kutafuta kisu kidogo, kandambili moja ilikuwa inacheza juu ya maji. Ya pili haikuwepo.

Nikatazama bonde la mchanga nyuma yetu. Mchanga haukuonekana tena.

"Bibi," nilisema, "maji kama yanarudi."

Hakuinua kichwa. "Upepo huo. Upepo unasukuma mawimbi, bahari yenyewe bado inapwa. Kumeshaadhiniwa?"

"Bado."

"Haya."

Niliendelea kuchokoa, lakini sasa nilikuwa nachagua chaza walio upande wa ufukwe ili niweze kutazama. Bibi ana mtoto wa jicho, jicho la kushoto, anaona karibu vizuri na mbali anaona ukungu. Tena alikuwa ameipa nchi kavu mgongo. Rafiki yangu alinisogelea akaninong'oneza, vidole vyake vikinibana mkono.

"Mimi sijui kuogelea. Unajua sijui kuogelea."

"Najua."

"Basi mwambie."

"Nimemwambia."

"Umemwambia kwa hiyo sauti yako ya kuomba msamaha. Mwambie tena!"

"Mwambie wewe."

"Ni shosho wako!"

Nikajikaza. Nilimwendea bibi, nikachuchumaa mbele yake, nikasema kwamba kandambili zangu zimechukuliwa na maji na labda ingekuwa vizuri tutangulie kutoka, halafu tukitaka turudi. Nilisema "labda" mara nyingi sana.

Bibi aliweka bisibisi chini. Alinitazama kwa lile jicho zima.

"Mjukuu wangu. Wewe bahari umeiona kwenye dirisha la ghorofa. Mie nimezaliwa ndani yake. Leo wataka kunifunza?"

"Hapana, bibi."

"Mwezi ngapi leo?"

"Kumi na tano."

"Basi. Adhuhuri ikilia tunatoka. Simu si unayo wewe? Ikiadhini niambie."

Simu nilikuwa nayo, ndani ya mfuko wa plastiki shingoni. Nikaitazama. Ilikuwa saa nne na dakika kidogo. Adhuhuri ilikuwa bado zaidi ya saa mbili nzima, na maji yalikuwa yamepanda mpaka kwenye mstari wa chaza tuliowachokoa mwanzo, magamba ya chini tuliyoyaacha yakipotea moja moja. Nilipiga hesabu kichwani. Kwenye bonde maji yangenifika kiunoni sasa hivi. Kwa rafiki yangu vilevile. Kwa bibi, ambaye ni mfupi kuliko sisi wote, kifuani, na kanga na baibui vikilowa vinakuwa na uzito wa mtu mwingine. Baada ya nusu saa tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Sijui wazo lilitoka wapi. Ile programu ya saa za sala iliyomo kwenye simu inakuruhusu kuchagua muadhini, na kabla hujamchagua unaweza kumsikiliza. Nilimpa bibi mgongo. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, nikabonyeza mara mbili hakikutoka kitu. Mara ya tatu adhana ikatoka, kubwa kuliko nilivyotarajia, ikasambaa juu ya maji.

Sikuwahi kudhani adhana ni kitu ambacho mtu anaweza kukitumia kusema uongo.

Bibi alinyamaza akaisikiliza mpaka mwisho, midomo ikiitikia. Halafu akasema, "Leo mchana umekwenda mbio," akajipangusa mikono. "Haya, khalas. Mmoja huyu wa mwisho."

"Bibi, twende."

"Mmoja tu."

Akamchokoa yule mmoja. Nilisimama juu yake nikihesabu mapigo ya nyundo yake ya jiwe. Alipomaliza akainuka, akashika mgongo, akageuka. Ndipo akaliona bonde.

Akainama akaiokota ndoo.

Kule ufukweni honi ya gari ililia, ikalia tena. Kaka mtu alikuwa ameamka. Alikuja mbio mpaka ukingoni akipunga mikono.

"Nyinyi! Mnangoja nini huko? Maji imefika karibu na gari!"

"Tunakuja!" Ile ilikuwa sauti yangu. Rafiki yangu alinitazama kana kwamba ni mtu mwingine aliyepiga kelele.

Mimi peke yangu ndiye niliyejua kuogelea, na nilijifunzia kwenye bwawa la shule ambako maji hayaendi popote. Niliwapanga: mimi mbele, bibi katikati akishika mkanda wangu, rafiki yangu nyuma akimshika bibi kanga. Hatua za mwanzo zilikuwa rahisi. Halafu mchanga ukashuka, baridi ikanikata pumzi, na nikahisi maji yakitusukuma pembeni, polepole, kama mtu anayekusogeza kwa bega. Nilimsikia bibi akitamka shahada. Nyuma yake rafiki yangu alikuwa anasema "Yesu, Yesu, Yesu," bila kituo.

"Bibi, iache ndoo."

"Siiachi."

"Iache!"

Hakuiacha. Akaipandisha kichwani kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine alikuwa ameushika mkanda wangu kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Tulipofika katikati maji yalimfika kwenye mabega. Hatua iliyofuata mguu wake haukupata chini. Nilihisi mkanda ukivutwa kando, uzito wote ukielea, nikageuka nikamkumbatia kiunoni nikawa nimemnyanyua kama mtoto, kidevu changu kwenye maji, nikikanyaga kwa ncha za vidole. Sikuweza kusonga mbele. Nilichoweza ni kutorudi nyuma.

Kamba ilinipiga shavuni. Ilikuwa kamba ya kuvutia gari. Kaka mtu alikuwa ameifunga mkononi na kuingia majini mpaka kifuani, yule aliyesema hajajuana na bahari, uso umekuwa wa kijivu.

"Shika! Shikeni wote! Yalla!"

Alituvuta.

Ufukweni tulianguka kwenye mchanga, tukakaa tukitetemeka kwa baridi. Kisha rafiki yangu akaanza kulia na kaka yake akaanza kumgombeza, na nikajua tumefika. Bibi aliiweka ndoo chini, akatazama ndani. Chaza wote walikuwemo.

Kaka mtu alilirudisha gari juu, mbali na maji, kisha tukambadilisha bibi nguo ndani yake, tukamvika jaketi la kaka mtu na suruali yangu ya michezo. Heta iliwashwa mpaka mwisho. Tulikunywa chai ya tangawizi ya chupa, wote kwa kikombe kimoja. Nilifikiri yamekwisha. Nilifikiri tutaondoka, tutafika Deira, na jambo langu litabaki langu.

Lakini bibi aliteremka garini na chupa ya maji, akaanza kutawadha.

Alitia maji kinywani, puani, akanawa uso. Alitandika kanga kavu nyuma ya gari, mahali ambapo upepo haufiki. "Kibla upande gani?" aliuliza.

Nilimwonyesha. Alikuwa anasimama kuswali adhuhuri saa tano kasoro, kwa kuniamini mimi. Alirekebisha mtandio. Aliinua mikono mpaka usawa wa masikio.

"Bibi, bado," nilisema.

Mikono ilibaki pale juu.

"Haijaingia. Ile adhana niliiweka mimi. Maji yalikuwa yanapanda, na wewe ulisema mpaka iadhiniwe." Hakukuwa na "labda" hata moja. Nilisubiri anipige kofi, ingawa hajawahi kunipiga maishani.

Aliishusha mikono. "Umenadi sala ya uongo."

"Ndiyo, bibi."

"Astaghfirullah." Alikaa juu ya kanga akiwa ameukunja uso, akanipa mgongo, akaitazama bahari. Nilikaa nyuma yake. Nilitaka kulia lakini niliona nikilia itakuwa kama naomba anionee huruma. Ndani ya gari kaka mtu alikuwa anakoroma. Rafiki yangu alituchungulia dirishani, akajirudisha ndani.

Tulikaa hivyo muda mrefu sana. Upepo haukupungua. Mawe yalianza kubaki vichwa tu, halafu vichwa vitatu, halafu kimoja, kile cha juu ambapo bibi alikuwa amepiga magoti. Wimbi likakipanda, likashuka, likakipanda tena.

Simu ikaadhini yenyewe.

Rafiki yangu akafungua mlango. "Kwani hiyo kitu hulia mara mbili?"

Bibi alikuwa anatafuta jiwe kwa lile jicho zima. Alitafuta mpaka adhana ikaisha. Hapakuwa na jiwe, yalikuwa maji matupu kutoka miguuni petu mpaka kwenye meli zilizotia nanga kule mbali.

"Hii ndiyo yenyewe?" aliniuliza.

"Ndiyo, bibi."

Akainuka akaswali. Rakaa zake zilikuwa ndefu kuliko kawaida. Alipotoa salamu alibaki kitako akihesabu kwa vidole, na nilidhani ni tasbihi, kumbe midomo ilikuwa inahesabu mwezi.

"Sasa huku," alisema, bila kunitazama, "mwezi kumi na tano, maji yanapwa saa ngapi?"

Niliitoa simu kwenye mfuko wake, nikatafuta. Sauti haikukwama.

"Alfajiri, bibi. Sala ikishaisha tu ndipo yanapokuwa mbali kabisa. Adhuhuri yanajaa."

"Alfajiri." Alilirudia kimyakimya. Halafu akaanza kukunja kanga. "Basi bamvua lijalo tutaswalia hapa hapa."

Kaka mtu alifumbua jicho moja. "Tutaswalia, wewe na nani, bibi?"

"Na wewe. Na ile kamba yako."