Mahali Chini ya Picha

Shule niliachia darasa la tisa, kwa hiyo huenda nitaeleza vibaya, ila nitajaribu nisimwonee mtu.

Mpiga picha mmoja wa mtaa wa Mutanga Nord alinijia kibandani kwangu cha kompyuta, mtaa wa Cibitoke, akitaka tovuti ya kuonyesha kazi zake. Iwe ya bei ndogo, na asiwe ananiita kila wiki kuirekebisha.

"Mi niko mutu ya kupiga picha," alisema. "Kuandika, apana."

Nikamtengenezea kitu chepesi: picha akiitia kwenye folda moja ya simu yake, inatokea yenyewe kwenye tovuti. Simu huhifadhi ndani ya picha mahali ilipopigwa, basi nikafanya mahali hapo pajiandike chini, mtaa na namba ya avenue, yaani barabara. Hilo yeye hakuniomba. Niliongeza mimi, nikijiona fundi.

Wiki ya pili akaja mwanamke mshonaji, mtoto mgongoni. Alikuwa amekubali kupigwa picha akiwa kazini, tena kwa furaha, akitarajia wateja.

"Njo weye ulitengeneza ile site ya mapicha?"

"Njo mi, mama."

Akanipa simu yake nisome. Ulikuwa ujumbe wa mume wake, ambaye mwanamke huyu alimtoroka huko mkoani bila kuaga. Upande wa mume sikuusikia, kwa hiyo sitasema alimtenda nini. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: "Umenenepa. Carama imekufaa."

Carama ndio mtaa uliojiandika chini ya picha yake; nikaifuta mbele ya macho yake.

"Na kwenye simu ya bwana yangu, umefuta?"

"Apana, mama. Ile siwezi."

Nilitaka kumwambia labda mume hatakuja. Sikuwa na hakika. Nikafunga kibanda, tukachukua teksi hadi Carama, kwa shangazi yake alikohamia.

Shangazi alikuwa uani akichambua maharagwe.

"We mushonaji, unatembea tu, wateja wanakukosa," alimtania. "Bwana mumoja wa heshima sana amekuja. Ameacha kitambaa ya suruali. Jina ya mutoto anajua, ata siku amezaliwa. Anarudi saa kumi, umupime."

Ilikuwa saa tisa na nusu.

Shangazi hana kosa. Mume huyo hakuwahi kumwona, wala hakuambiwa kwa nini mpwa wake alihama, na mgeni alimpa kiti kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Mpiga picha naye hana kosa. Nimelipima mara nyingi jambo hili, na kila mara linaniangukia mimi.

Mwanamke hakukigusa kile kitambaa. Akamvalisha mtoto viatu, mimi nikashika begi.

"Sasa akikuja nimwambie nini?" shangazi aliuliza. Mzaha ulikuwa umemwisha.

Tukatokea nyuma ya nyumba, upande wa mashamba. Sikujua anakwenda wapi. Alipofungua mdomo kuniambia, nilimwomba asiniambie; mahali pake nilikuwa nimeshapatangaza mara moja.