Kilo za Ndugu Yangu

Daktari aliniambia mimi ni mnene mno kumpa ndugu yangu figo. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa kijana mdogo mwenye miwani, akaeleza polepole kwamba vipimo vimelingana vizuri, mimi na mdogo wangu, ila kwa uzito huu na presha hii hawawezi kunipasua. "Punguza kilo kumi na nne, mama, halafu urudi tuzungumze." Nilitamani kumzaba kofi. Mimi mama yako tangu lini? Kisha nikatoka nje nikamkuta ndugu yangu kwenye benchi, miguu imevimba hadi viatu amevivaa kama ndara, ananiangalia usoni kutafuta jibu. Nikamwambia tumefaulu, kumebaki kitu kidogo tu.

Huyo ni kitinda mimba wa mama yetu. Mama alienda kupasuliwa uvimbe wa tumbo katika hospitali ya huko kwetu magharibi na hakuamka. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza shule, yeye alikuwa hajaacha kunyonya kidole. Nikamlea. Nilipokuja Nairobi kutafuta maisha nilikuja naye mgongoni, na watu wengi walidhani ni mwanangu, nami sikujisumbua kuwasahihisha. Alipokua alipata kibarua katika kiwanda cha plastiki, akapanga chumba Mukuru kwa Reuben, akanunua redio kubwa ya kuwakera majirani. Figo zilipokufa nilienda nikamtoa huko na godoro lake na redio yake, nikamleta kwangu Tassia, akalala chumba kimoja na watoto wangu. Baba ya watoto alikuwa ameshaenda zake kitambo, na sina haja ya kumwingiza hapa.

Jirani yangu wa mlango wa pili ndiye aliyeniambia kuna mazoezi ya wanawake kila Jumamosi asubuhi juu ya paa la fleti iliyo nyuma yetu. Nikapanda. Nilifika juu nikihema, moyo unagonga masikioni, nikakuta wanawake wenzangu wanaondoa nguo kwenye kamba ili tupate nafasi. Wengine wamevaa trakisuti, wengine leso juu ya suruali, wengine fulana za kampeni zenye nyuso za wanasiasa walioshindwa. Kocha alikuwa mwanamume mwenye umri, bondia wa zamani wa mitaa hii yetu, sikio moja limekunjamana kwa kupigwa. Nilijiuliza bondia atatufundisha nini kuhusu chakula. Kumbe hao ndio wanaojua. Maisha yake yote ya ulingoni alikuwa anashusha kilo ili aruhusiwe kupigana.

Tulianza na mizani. Aliyepanda alipanda peke yake, sisi wengine tumegeukia ukutani, na namba aliisikia yeye na kocha tu. Kisha tuliruka. Mpangaji wa ghorofa ya mwisho aligonga dari kwa mpini wa ufagio akituita majina, nasi tulimjibu kwa kuruka zaidi. Tukimaliza tuliketi kwenye sakafu ya saruji, jasho linatiririka, kocha anatufundisha kula kwa mkono wake ule mkubwa. Ugali ni ngumi yako. Nyama ni kiganja bila vidole. Mboga, viganja viwili vilivyojaa, na hiyo ongeza ukitaka. Mimi, mtu wa magharibi, kuambiwa ugali wa ngumi moja! Nilimuuliza kama anataka kunipunguza uzito au anataka kunizika. Wanawake walicheka hadi mpangaji akagonga tena.

Lakini nilifuata. Niliacha soda, nikaacha mandazi ya saa nne, nikanywa chai ya rangi bila sukari na uso nimeukunja. Kilo zikaanza kutoka. Daktari alikuwa ameshaniambia mambo ya figo yana mwisho wake, kwamba mashine ya kusafisha damu inamshikilia tu, kwa hiyo kila nilipobana tumbo usiku kwa njaa nilikuwa najua ninalibana kwa ajili ya nani.

Halafu kilo zikagoma. Nikifanya mazoezi wiki nzima, nikipimwa Jumamosi, niko palepale. Sababu niliijua, na kocha alipouliza sikumficha. Sababu ilikuwa Ijumaa.

Ijumaa ndugu yangu alikuwa anatoka kwenye mashine. Siku hiyo mwili ulikuwa mwepesi kidogo, maji yametolewa, anaweza kutembea kutoka steji bila kusimama. Alipitia kwa mama wa chapati. Yeye mwenyewe alikuwa amekatazwa karibu kila kitu chenye ladha: maharagwe, avokado, ndizi, chumvi, hata maji alipimiwa kikombe kidogo. Basi alininunulia mimi. Chapati mbili, wakati mwingine tatu, maharagwe yenye mchuzi mzito, na avokado nzima. Ananiwekea mezani, anakaa mbele yangu, kidevu juu ya kiganja.

"Kula, siz, nikuone. Nikikuona ukila, nashiba."

Nani angekataa? Niambie ni dada gani angemwangalia mgonjwa wake machoni akasukuma ile sahani. Kwetu hata mgeni usiyempenda huwezi kukataa chakula chake, sembuse mtoto uliyemlea. Nilikula. Naye aliniuliza kila tonge.

"Maharagwe yameiva?"

"Yameiva vizuri."

"Dania ameweka?"

"Ameweka. Na karoti pia."

"Chapati ina zile layer, ama ni ngumu?"

"Laini. Inaachana yenyewe."

Alifumba macho akameza mate, na shingo yake nyembamba ikapanda na kushuka. Nilikula chapati za yule mama, nikamwambia ni tamu, kwa sababu kweli zilikuwa tamu.

Nilipowaeleza wenzangu kule juu ya paa, waligawanyika. Mmoja alisema niache mgonjwa apate raha yake, ataipata wapi tena. Mwingine akamrukia: raha gani, si anajichimbia kaburi kwa chapati? Walibishana nusura wapigane, mimi katikati nimeinamisha kichwa.

Walipoteremka nilibaki nyuma. Nilikuwa nimesikia mabondia wana njia yao ya kushusha kilo upesi kabla ya pambano, kujifunga karatasi za nailoni mwilini, kukimbia, kutoa jasho lote, kukaa bila kunywa. Nikamwomba kocha anifundishe. Nilimwomba vibaya, nikamshika mkono kabisa.

"Hapana, mama," akasema. "Hiyo ni ya kudanganya mizani. Nimeona vijana wakikojoa damu kwa huo ujinga. Ukijikausha maji unaiharibu hiyohiyo figo unayotaka kutoa. Nenda nyumbani uongee na ndugu yako."

Ijumaa iliyofuata ndugu yangu aliweka sahani mezani nikamwambia sili. Alitabasamu akidhani ni utani. Nikarudia. Hapo uso wake ukabadilika, na si kwa huzuni niliyoitegemea. Ulikuwa woga.

"Kula, siz. Tafadhali."

"Sili. Nikila sishuki. Nisiposhuka hawanipasui."

"Ndiyo," akasema. "Hawatakupasua."

Nilimwangalia. Nilihitaji muda kuelewa.

"Ulikuwa unafanya makusudi?"

Alianza kuchezea ukingo wa kitambaa cha meza, akaongea bila kuinua kichwa. "Wewe uliniambia mathe aliingia pale akitembea. Akicheka na manesi. Ni wewe uliniambia. Mimi sura yake sikumbuki, siz. Nikisema mama, naona wewe. Sasa unataka uingie huko, mimi nilale huku, halafu niamke niambiwe nini? Watoto wako nitawaangalia na macho gani?"

Sina hasira za kupima. Zikija zinakuja zote. Nilimtukana. Nilimwita mjinga, nikamwita kichwa ngumu, nikamwambia nimeruka juu ya paa kama punguani miezi na miezi, natukanwa na mwenye ufagio, kumbe yeye ananijaza kwa chapati kama mbuzi wa Krismasi. Nikachukua ile sahani nikamwaga kila kitu kwenye pipa, maharagwe yakarukia ukuta. Watoto walikimbilia chumbani. Kisha nikaketi sakafuni, nikalia kwa sauti, na yeye akashuka kwenye kiti akaketi kando yangu, ingawa kushuka kulimchukua muda na kulimuuma.

"Noma, siz. Mimi sitaki tu."

"Wewe hujaulizwa," nikamwambia. "Ulipokuwa mdogo nilikuuliza kama unataka sindano ya surua?"

Hapo alicheka. Alicheka hadi akaanza kukohoa, nikampiga mgongoni taratibu. Tulikaa pale chini hadi giza likaingia sebuleni. Mwishowe akasema, "Basi shuka. Nitakungoja."

Na alijitahidi kungoja, jamani. Hakuna siku aliyorudi tena na chapati. Yeye ndiye alikuwa ananipimia ugali, na kwa uchokozi wake alipima kwa ngumi yake mwenyewe, iliyokuwa imebaki mifupa tu, nami nilimpigia kelele kwamba huo ni wizi. Jumamosi moja alipanda ngazi zote akipumzika kila ghorofa, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kutuangalia. "Siz, unaruka kama umebeba mtungi wa gesi!" Wanawake walimpenda papo hapo. Wakampa kazi ya kutuwekea nyimbo kwenye simu. Jua lilikuwa limempiga usoni, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alionekana kijana wa umri wake.

Zilibaki kilo nne. Niliweza kufunga kitenge nilichokuwa nimekiacha kwa ajili ya binti yangu. Presha ilikuwa imeshuka, hospitali walikuwa wamenipa siku ya kurudi kupimwa, nami nilianza kuwauliza majirani nani atanitunzia watoto nikilazwa. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Nilikuwa nimepanga hadi nguo za kulalia.

Kilimwanzia kifuani, kikohozi cha kawaida cha baridi ya Julai. Baada ya siku mbili akawa hawezi kulala chini, analala ameketi. Tukamkimbiza hospitali. Manesi walijitahidi, sitasema uongo, walikimbia huku na huku. Walimwekea barakoa ya hewa. Aliniita kwa kidole nikainama, akasogeza ile barakoa kando kidogo.

"Zimebaki ngapi?"

"Moja," nikamwambia. Zilikuwa nne.

"Karibu," akasema. "Karibu sana, siz."

Nesi aliirudisha barakoa na kunikanya kwa macho. Asubuhi yake, kabla jua halijapanda vizuri, alikuwa amekwenda.

Tulimzika nyumbani, kando ya mama. Wamama wa kule walinizunguka na sahani. Wali, kuku, ugali wa mtama. Kula, binti yetu, umekonda jamani, Nairobi imekumaliza. Nilipeleka tonge mdomoni likageuka udongo. Shangazi yangu alinilisha kwa mkono wake kama mtoto, nikaenda nyuma ya nyumba nikatapika. Niliporudi Tassia haikuwa tofauti. Niliwapikia watoto, nikawatazama wakila, nikaondoa vyombo. Sikuwa ninajinyima. Chakula tu kilikuwa kimekataa kunipita kooni, na sikuwa na mtu wa kuniuliza kama kimekolea.

Jumamosi mbili nililala na shuka usoni. Ya tatu, nilisikia vishindo vyao vikitoka kule juu ya paa la nyuma, nikavaa raba nikaenda. Sikwenda kwa mazoezi. Nyumba ilikuwa kimya mno na nilitaka kuwa mahali penye kelele.

Waliacha kuruka waliponiona. Kila mmoja alinikumbatia, wengine walilia shingoni mwangu. Sijui kwa nini nilipanda kwenye mizani. Pengine ni mazoea tu, kwamba ukifika unapanda. Wale wanaonijua waligeukia ukutani kama kawaida. Kocha akainama kusoma, na hakuinuka. Nikainama mimi mwenyewe nikaangalia. Mshale ulikuwa umesimama kwenye uzito alioutaka daktari. Ulikuwa umepita, chini yake kidogo.

Kulikuwa na mwanamke mgeni, hajui lolote, ameingia wakati mimi sipo. Yeye hakuwa amegeuka. Aliniona jinsi nguo zilivyonining'inia akapiga vigelegele. "Haki ya Mungu, dada! Umefanyaje? Tuambie na sisi!"

Kocha alinyoosha mkono kumnyamazisha. Nilibaki nimesimama pale juu ya mizani, mikono kwenye ubavu wangu, pale nyuma ambapo daktari alinionyesha kwa kalamu kwamba ndipo wangepasua.

"Nimefika, kocha," nikamwambia. "Nimefika, na mwenyewe hayupo."